Mwenye Jambo Hajaota

Mwantum aliamka alfajiri akiwa na uhakika kwamba bintiye atakuwa muuguzi. Alikuwa ameota nguo nyeupe zimeanikwa kambani, nyingi, zinapepea, na mfuaji haonekani. Alimsubiri mumewe arudi msikitini, akamsubiri na wifi yake amalize kupiga mswaki, ndipo akaisimulia ndoto yake mbele ya sufuria ya mihogo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuajiriwa mwenyewe.

"Nyeupe pe," alisema. "Mungu aseme vipi tena?"

"Hata sanda ni nguo nyeupe," alisema Mwanawetu, dada wa mumewe, aliyekuja kutoka huko chini kwenye mikoko kusaidia kuvuna ufuta.

"Toba, wifi! Asubuhi yote hii?"

"Nasema tu. Mie nimeota samaki. Kapu zima, wabichi, wanarukaruka. Mtoto asomee uvuvi. Kule kwetu bwana samaki wa serikali akipita na boti yake ya mashine, hata mwenyekiti wa kijiji anasimama."

"Samaki ni mimba hiyo! Dunia nzima inajua, ukiota samaki kuna mtu ana mimba. Unataka kumtia mwanangu mimba kabla hajaenda chuo?"

Hemedy, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, alipaliwa na chai kwa kucheka. Habiba, ambaye ndiye aliyekuwa akizungumziwa, alikaa mwisho wa mkeka akimenya mhogo wake taratibu. Hakuna aliyemtazama. Alikuwa amezoea, sauti yake ilikuwa ndogo tangu utotoni, na watu wa nyumbani walishajifunza kuendelea bila kuingojea.

Baba yao, Sadallah, hakucheka. Yeye ndiye aliyeamuru nyumba nzima iswali istikhara, ile sala ya kumwomba Mungu akuongoze kwenye jambo lenye kheri. Habiba alikuwa amefaulu kidato cha nne vya kutosha kuingia chuo. Kilichobaki ni kuchagua kozi, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa. Likifungwa, ni kungoja mwaka mwingine, na mwaka mwingine nani anajua ufuta utakuwaje.

Zamani, ilipofika zamu ya Hemedy, Sadallah aliswali peke yake. Akaota ghala limejaa mpaka juu, akampeleka mwanawe kusomea ununuzi na ugavi. Hemedy alisoma, akamaliza, akatafuta kazi mpaka viatu vikaisha soli. Sasa alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu katika stendi ya Kibiti.

"Na wewe Hemedy?" aliuliza Mwanawetu. "Umeota nini?"

"Ndoto yangu mie imepaki hapo nje, shangazi," alisema Hemedy, akaelekeza kidevu kwenye pikipiki.

Sadallah aliurudisha mhogo wake kwenye sahani. Akanawa mikono ingawa hakuwa amemaliza kula.

"Habiba," alisema. "Umeota?"

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

Habiba alisita. "Nimeota kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku tu. Anakula ufuta kwenye turubai. Namfukuza."

Siku nzima ile shambani Sadallah alifikiria kuku. Kama jibu ni kuku, basi mtoto asomee mifugo. Kama ni ufuta, basi ni kilimo. Na kama jibu ni lile la kufukuza, je, si polisi? Alipokuwa akifunga miganda ya ufuta alisimama mara kwa mara, mkono kiunoni, akaitazama ardhi kama aliyeangusha kitu.

*

Alasiri alimchukua bintiye wakaenda kwa Maalimu Huseni, aliyemfundisha Habiba madrasa pale kijijini kwao, Mtunda, tangu alif mpaka akahitimu. Walimkuta amekaa kwenye kibaraza chake anashona kiatu kilichoachia.

"Maalimu, tumekwama," alisema Sadallah baada ya salamu. "Nyumba nzima tumeswali. Mama yake kaona nguo, shangazi yake kaona samaki. Mie mwenyewe niliona watu wamekaa wananisikiliza, nikadhani ni ualimu, lakini dada yangu anasema hayo ni maulidi. Tushike lipi?"

Maalimu aliitoa sindano mdomoni. "Mmeswali wote?"

"Wote."

"Mtoto mmoja, watu wote hao? Sadallah, istikhara ni kuomba kheri. Si kuagiza sinema."

Habiba aliinama ili asionekane akitabasamu.

"Anaswali mwenye jambo," aliendelea Maalimu. "Mwenye jambo hapa ni nani? Habiba, umeswali?"

"Nimeswali, Maalimu."

"Umeota?"

"Sijaota. Labda kuku."

"Basi."

"Basi nini?" aliuliza Sadallah.

"Basi achague. Ndoto si sharti. Achague, aende. Ikiwa ni kheri njia itafunguka, ikiwa si kheri itafungwa."

Sadallah aliitikia kwa heshima zote, akashukuru, akaaga. Lakini njiani alitembea mbele ya bintiye kwa hatua za mtu asiyeridhika.

"Mtu unapiga simu," alisema mwishowe bila kugeuka. "Upande wa pili hawasemi kitu. Halafu unaambiwa, basi, fanya tu kama vile wamepokea." Akatikisa kichwa. "Hapana. Utaota. Bado siku zipo."

Habiba alitamani kumuuliza: na nisipoota? Akaongeza hatua ili asiachwe nyuma.

*

Tangu hapo kazi ya Habiba ikawa kulala. Hakuruhusiwa kwenda shamba, asije akachoka akalala usingizi mzito usiopitisha kitu. Mama yake alimfukizia udi chumbani mpaka akakohoa. Mwanawetu alimkataza kula mihogo jioni, akisema tumbo likijaa ndoto huwa za tumbo. Na kila asubuhi Sadallah alisimama mlangoni, nje ya pazia, akiuliza neno moja tu.

"Umeota?"

"Hapana, baba."

Kisha zikasikika ndara zake zikienda.

Habiba alilala chali akitazama mabati. Kusema kweli hakujua anataka nini. Alipomfikiria muuguzi, alimwona binti wa jirani yao aliyesomea uuguzi na sasa anajitolea zahanati bila mshahara, akiomba nauli kwa mama yake. Mwalimu? Walimu wasio na ajira walikuwa wakiuza vocha kando ya barabara. Shuleni mwalimu wao wa jiografia aliwaambia sasa hivi dunia inalipia hewa inayosafishwa na mikoko ya delta, kwa hiyo wasomee misitu. Aliporudi kuyasema nyumbani, shangazi yake alicheka mpaka akalia: hewa iuzwe, nani aifungashe? Kila kozi aliyoigusa ilikuwa na mtu wake aliyekwisha kuanguka nayo. Na mtu aliyekuwa karibu kuliko wote alilala chumba cha pili, anakoroma, ufunguo wa pikipiki chini ya mto.

Hata Ijumaa ilipofika hakuwa ameota.

*

Walikwenda Kibiti wote. Sadallah na Habiba walipanda mshikaki, wawili nyuma ya Hemedy. Mwantum na wifi yake walichukua bajaji, maana Mwanawetu alisema hawezi kukaa kwenye pikipiki kama mkungu wa ndizi.

Duka lilikuwa jirani na stendi. Upande mmoja Mzee Naushad aliuza madaftari, ndoo na balbu; upande wa pili binti yake Shaziya alikaa nyuma ya kompyuta akichapa, akitoa kopi na kuwaombea watu vyuo. Siku hiyo ya mwisho watu walikuwa wamejaa mpaka kizingitini.

Zamu yao ilipofika, Shaziya aliwatazama wote watano, mmoja mmoja.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Shikamooni jamani. Mmekuja kuomba chuo au kuleta posa?"

Watu wakacheka. Hemedy akasema atangoja nje.

Shaziya aliandika haraka haraka, akiuliza bila kuinua macho. Jina. Shule. Namba ya mtihani. "Kazi ya mzazi?"

"Mkulima," alisema Sadallah.

"Kipato kwa mwezi?"

"Kwa mwezi?" Sadallah alivua kofia yake akaivaa tena. "Ufuta hauvunwi kila mwezi, binti."

Nyuma yao mtu akaguna kicheko. Sadallah hakugeuka, lakini Habiba aliyaona masikio ya baba yake yakisogea nyuma kidogo, kama ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa vibaya.

"Nitaweka kidogo," alisema Shaziya kwa upole. "Haya. Kozi ya kwanza?"

Sadallah aligeuka kumtazama Habiba.

"Uuguzi," alisema Mwantum.

"Uvuvi," alisema Mwanawetu papo hapo.

"Uuguzi, andika uuguzi, mie ndiye niliyemzaa."

"Na mie ndiye niliyemtoa ndani alipokuwa mwali! Nani anayemjua zaidi?"

"Mama, uuguzi sasa hivi hauna soko," alisema bwana mmoja mwenye bahasha ya kaki, aliyekuwa akingoja kopi zake. "Kompyuta. Kila kitu ni kompyuta."

"Kompyuta!" alidakia mwanamke nyuma yake. "Mtoto wa kaka yangu kasoma kompyuta, yuko Ikwiriri anaweka watu nyimbo kwenye simu."

"Basi ualimu. Hata asipoajiriwa atafundisha tuisheni."

"Tuisheni nani atalipa?"

"Mzee, wewe ndiye baba," alisema yule bwana. "Sema neno."

Wote wakamgeukia Sadallah. Aliivua tena kofia yake akasimama nayo mkononi. Jasho lilimtoka kwenye paji. Habiba hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Kumbe uso wa mtu anayeogopa unafanana na wa mtu anayejaribu kukumbuka.

"Ajitazame mwenyewe," alisema Sadallah polepole. "Jibu lake litakuja."

"Lije saa ngapi, mzee? Saa kumi nafunga, na umeme wenyewe mnaujua." Shaziya aliinamisha kioo cha kompyuta upande wa Habiba. "Njoo hapa, mdogo wangu. Hapa ndipo sifa zako zinapokupeleka. Soma."

Habiba alizunguka meza. Orodha ilikuwa ndefu, majina mengine hakuwahi kuyasikia. Kidole cha Shaziya kilikuwa kikiteremka nayo, naye Habiba akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo."

"Ipi? Haidrolojia?"

"Ni nini?"

Shaziya alibonyeza. Ikatokea picha ya msichana mwenye mabuti ya mpira, amesimama ndani ya mto, maji yako magotini, na mkononi ana mti mrefu uliochorwa namba. Shaziya akasoma: kupima kina cha maji ya mito, kupima kasi yake, kukadiria mafuriko kabla hayajafika.

Habiba alisoma tena mwenyewe. Mwaka ule bonde la Rufiji lilipomezwa na mafuriko, walikaa wiki nzima wakibishana juu ya dungu lao, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga. Baba alisema maji yatasimama. Mama alisema tuhame. Jirani alisema ni mvua za juu, mwingine akasema ni laana. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, bado kidogo uvunwe. Kisha maji yakaja mchana kweupe, bila haraka, yakachukua kila kitu, na mpaka leo Habiba alikuwa hajampata mtu wa kumweleza kwa nini yalikuja siku ile na si nyingine.

"Nataka hii," alisema.

Hakuna aliyesikia isipokuwa Shaziya. Shaziya akawatangazia.

"Kupima maji?" Mwanawetu alicheka. "Kwa kibaba au kwa pishi?"

"Maji ya Rufiji anayapima Mungu," alisema Sadallah.

"Mwanangu, kazi hiyo nani anaijua?" alisema Mwantum. "Nikiulizwa binti yako anafanya nini, niseme yuko mtoni?"

Vicheko vikazunguka duka zima, mpaka Mzee Naushad upande wa pili akaacha kuhesabu balbu akachungulia. Habiba alihisi uso unawaka. Akapenya katikati ya watu, akatoka nje.

*

Hemedy alikuwa amekaa kiupande juu ya pikipiki, anakula kashata.

"Wamekuchagulia?"

"Bado." Habiba alisimama kivulini mwake. Alikuwa na swali ambalo hakuwahi kulisikia likiulizwa nyumbani, na aliliuliza akitazama tairi. "Kaka, ule ugavi uliupenda?"

Hemedy aliacha kutafuna. Alimtazama kwa muda, kama anayetaka kujua kama ni dhihaka.

"Niliupenda," alisema. "Tangu nirudi wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Wote wanajua niliharibikiwa, basi wanadhani niliuchukia. Niliupenda sana. Mpaka leo nikiingia duka lile la Naushad mkono unawasha. Ndoo zimekaa mahali pa balbu."

"Sasa kosa lilikuwa wapi?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa juu ya hii?"

Habiba alikuja akitaka kusikia kwamba kaka yake alichaguliwa vibaya. Hilo lingemsaidia, lingekuwa na maana kwamba ukichagua vizuri unapona. Sasa hata kijia hicho kilikuwa kimeota majani.

"Kwa hiyo mtu anaweza kupenda," alisema, "na akachaguliwa na ndoto, na akasoma vizuri, na bado."

"Na bado," alisema Hemedy. Akamkatia kipande cha kashata. "Kula. Baba anakungoja."

*

Aliporudi ndani, yule bwana wa bahasha alikuwa akimwelekeza Sadallah kwa kidole, Mwantum na Mwanawetu wamepeana migongo, na Shaziya anatazama saa.

"Nimeota, baba," alisema Habiba.

Alilisema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

"Umeota?"

"Leo alfajiri."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Sadallah alimsogelea. "Umeota nini, mwanangu?"

"Mto. Umejaa. Nimesimama katikati, maji hayapiti magoti. Mkononi nina mti mrefu, una namba."

Shaziya aliitazama picha iliyokuwa bado kwenye kompyuta, akamtazama Habiba. Kisha, taratibu, akakigeuza kioo kikamwelekea yeye peke yake.

"Maji yalikuwa safi au machafu?" aliuliza Mwantum kwa haraka, maana maji machafu ndotoni ni shari.

Hilo Habiba hakuwa amelifikiria. "Safi," alisema.

Sadallah alikunja uso. "Mto umejaa, na maji safi? Rufiji ikijaa inakuwa kama chai ya maziwa."

Habiba alishika ukingo wa meza.

"Ni ndoto hiyo, kaka, si bomba," alisema Mwanawetu. "Huoni mtoto anatetemeka? Mti wenye namba ataujulia wapi huyu?"

Sadallah alimtazama bintiye, na Habiba akaona uso wake unaanza kufunguka kidogo kidogo, mikunjo inaachia, mabega yanashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia ambalo hajui lilianza lini kumkaa. Machozi yakamlengalenga.

"Alhamdulillahi," alisema. "Binti, andika hayo maji."

"Zipo nafasi tatu," alisema Shaziya, akiandika. "Maji ya kwanza. Ya pili na ya tatu wagawane mama na shangazi, tuelewane, twende nyumbani."

*

Siku ya pili yake Habiba alirudi kwenye kazi. Walikuwa wakipiga ufuta uani, yeye na baba yake, miganda mikavu ikipinduliwa juu ya turubai na punje zikimwagika kwa mlio wa mvua ndogo. Wengine walikuwa bado shambani. Tangu jana Sadallah alikuwa ameisimulia ndoto kwa dereva wa bajaji, kwa watu wa msikitini na kwa muuza mkaa, na kila aliposimulia Habiba aliingia ndani.

Sasa hapakuwa na mahali pa kuingia.

"Baba," alisema. "Nina jambo nataka kukwambia."

Sadallah alichukua mganda mwingine. "La ile ndoto?"

"Ndiyo."

"Basi usiniambie."

Akaupiga ule mganda, mara ya kwanza, mara ya pili, akautupa kando. Hakuonyesha hasira. Alikaa juu ya gogo, akapangusa mikono kwenye shuka lake.

"Kaka yako nilimchagulia mimi," alisema. "Akirudi jioni nikisikia mlio wa ile pikipiki, natoka nakwenda kisimani. Mama yako anadhani napenda sana kuteka maji." Akapangusa tena mikono. "Wewe umeota mwenyewe. Mbele ya watu. Tuishie hapo."

"Na nikikosa kazi?"

"Sijui."

"Na kama sikusema..."

"Habiba."

Habiba alikuwa amekuja na ungamo lake lote, kutaka asamehewe au agombezwe, lolote, ili ajue amesimama wapi. Baba yake alikuwa ameinuka tena na kumpa kisogo, anafungua miganda. Habiba alisimama na ungo mkononi, akiutazama mgongo ule mwembamba ukiinama na kuinuka, na hakujua kama ameruhusiwa au ameachwa peke yake. Kisha upepo ukavuma kidogo, na upepo wa kupepetea haumngoji mtu. Akachota, akaanza kupepeta.